Mpangilio wa hotuba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Simu hizi huja Alhamisi usiku. Shughuli ni Jumamosi, mtu ameambiwa "utasema mawili matatu kwa niaba ya familia", ameitikia kwa kichwa, na sasa ana daftari jeupe mbele yake na feni inazunguka. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi na za shule hapa Dar es Salaam, nimekaa na watu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kuandaa risala, nimesaidia wazazi kujiandaa kwa mahafali, na kutoka Mbagala hadi Bunju maswali ni yaleyale. Nimeyaweka hapa kama yanavyoulizwa, na kuyajibu kama ninavyojibu nikiwa sina haraka.

Mpangilio wa hotuba ndiyo nini? Si hotuba yenyewe kwa ufupi tu?

Muhtasari hufanywa hotuba ikiwa imeshaandikwa, unaipunguza. Mpangilio unatangulia. Ni kauli kuu moja, hoja chache zinazoibeba kauli hiyo, na chini ya kila hoja kitu kimoja cha kuonyesha: tukio, hesabu, mtu. Fundi mwenye akili hamwagi zege kabla nondo hazijasukwa, hata kama mwenye nyumba amesimama pale anamharakisha.

Mliosoma Kiswahili Kidato cha Tatu na cha Nne mnakumbuka ubaoni: utangulizi, kiini, hitimisho. Ni kweli, lakini hayo ni majina ya vyumba. Hayakuambii kitanda kikae wapi wala jiko liwe upande gani.

Wasemaji wa Roma ya kale, akina Cicero, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita waliigawa kazi hii mafungu 5: kutafuta hoja, kuzipanga, kuzivika maneno, kuziweka kichwani, na kuzitoa kwa sauti na mwili. Angalia maneno yamekaa wapi: fungu la tatu. Wengi wetu tunaanzia huko. Tunaandika "Ndugu mgeni rasmi, awali ya yote napenda kuchukua fursa hii", halafu kalamu inagoma, maana hatujajua safari ni ya wapi.

Daftari liko jeupe tangu jana. Naanzia wapi?

Andika sentensi moja. Usiandike salamu, usiandike methali, usiandike "leo ni siku kubwa". Sentensi moja ambayo unataka watu waondoke nayo.

Kipimo changu ni daladala. Shughuli imekwisha, watu wawili wamepata siti ya nyuma, na mmoja wao hakukusikia kwa sababu alikuwa nje anapokea simu. Anauliza, "Yule mama alisema nini?" Jibu atakalopewa halitazidi maneno kumi. Hayo maneno kumi ndiyo kauli yako, na afadhali uyaandike wewe kuliko kumwachia yule abiria ayatunge.

Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha VICOBA upande wa Tandika alinijia na orodha ya mambo kumi na moja: historia ya kikundi, pongezi kwa viongozi waliopita, umuhimu wa akina mama kujikwamua, sare mpya, na mengine ya aina hiyo. Nikamwambia, "Mama, wakitoka pale na jambo moja tu kichwani, ungependa liwe lipi?" Akanyamaza. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akasema kama mtu anayegomba: "Walipe marejesho kabla ya tarehe 5, basi!" Hotuba ikawa imepatikana. Historia ya kikundi ilibaki kwa sababu ilimsaidia: walipoanza, kila mtu alilipa kwa wakati, na ndiyo maana mfuko ulikua. Sare mpya tukaipeleka kwenye "mengineyo", ikajadiliwa huko na watu wenye muda.

Watu huchanganya mada na kauli. "Umuhimu wa elimu" ni mada; unaweza kuizungumzia hadi kesho na hakuna atakayepinga wala kufanya lolote. "Kila mzazi wa darasa la saba aje shuleni Jumatano aangalie daftari la hesabu la mwanawe" ni kauli. Ina kitenzi, ina mtu, ina siku. Ukiisoma kauli yako na mtu hawezi kukuuliza "kwa nini?" au "vipi?", bado uko kwenye mada.

Hoja ziwe ngapi?

Tatu. Mbili si dhambi. Ukiwa na dakika mbili, moja inatosha sana.

Watanzania tuna mfano ulio karibu kuliko kitabu chochote. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia Kagera, Mwalimu Nyerere alilieleza taifa kwamba kazi iliyopo ni moja, kumpiga, na akaisimamisha juu ya maneno matatu: uwezo, sababu, nia. Mtu aliyezaliwa miaka 20 baada ya vita ile anayajua maneno hayo matatu, pengine hata hajui Kagera iko upande gani wa ramani. Sasa yatazame kama fundi anavyotazama paa la jirani. Kauli kuu imetangulia. Kila hoja imebanwa hadi ikabaki neno moja. Na sentensi zote tatu zimejengwa kwa umbo moja, kila moja ikifungwa kwa "tunao" au "tunayo", kiasi kwamba sikio linaijua ya tatu kabla haijafika.

Hilo la neno moja lifanye hata wewe. Hoja ambayo haibaniki ikawa neno moja, mara nyingi ni hoja mbili zimevaa shati moja. Ila tafadhali, mdundo ule wa vita usiuchukue ukaupeleka kwenye uzinduzi wa choo cha shule. Nimeushuhudia. Wanafunzi walicheka.

Na ukishataja idadi, umefungwa. Ukisema "nina mambo matatu" na ukafika la tano, watu wanaacha kusikiliza wanaanza kuhesabu.

Nikishazipata hoja, ipi itangulie?

Inategemea unataka nini kutoka kwa wasikilizaji. Ukieleza maisha ya mtu au safari ya kikundi, fuata wakati: kilichotokea kwanza, kikafuata, kikaishia. Ukieleza mradi uliotawanyika, fuata mahali: kisima cha juu, bomba la kati, gati la mwisho la kuchotea maji. Ukitaka watu wabadilike, anza na shida ndipo uje na ufumbuzi, na shida uiseme hadi waione, usiitaje tu.

Alan Monroe, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, miaka ya 1930 alipanga utaratibu wa hatua 5 kwa hotuba za kushawishi: vuta masikio, onyesha shida, toa ufumbuzi, wachoree hali itakavyokuwa wakiufuata au wakiuacha, kisha waambie wafanye nini sasa hivi. Ni utaratibu mzuri. Lakini nenda stendi ya Mbagala Rangi Tatu jioni ukamsikilize muuza dawa ya kuchua. "Mgongo unakuuma? Wewe mama, ukiamka asubuhi unashika ukuta?" Hapo ameshavuta masikio na ameshaingia kwenye shida. Anatoa kichupa. Anaeleza utakavyolala usingizi wa mtoto. "Leo bei ya ofa, kesho sipo." Hatua zote 5 kabla daladala haijajaa, na hakuna aliyemfundisha.

Kuhusu hoja nzito, wengi hufundishwa kuiweka mwisho ili hotuba ipande. Kwa Dar mimi nasema iweke mwanzo, au angalau ya pili. Sababu iko kwenye swali linalofuata, na ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu.

MC aliniambia dakika saba. Nilipofika mbele akanong'ona, "Mzee, mbili tu." Mpangilio unasaidia nini hapo?

Unasaidia hapo kuliko popote.

Tuseme ukweli kuhusu shughuli zetu. Kadi inasema saa 12 jioni. Maharusi wanaingia saa 2 usiku kwa sababu walikuwa wanapiga picha na foleni ikawakuta njiani. Kamati inaingia kwa kucheza, wanarudia wimbo. Keki. Chakula. Saa 4 unaitwa wewe, na ukumbi unafungwa saa 6, na zawadi bado. MC hana ubaya na wewe, ana saa. Kwa hiyo hotuba ya Dar inayotegemea muda wote ulioahidiwa ni hotuba iliyoandaliwa kwa ajili ya mji mwingine.

Panga hotuba inayokunjika kama mkeka. Nafanya hivi: kwenye kadi, kitu ambacho lazima kisemwe hata nikipewa dakika moja nakiwekea nyota. Kitakachosemwa nikipewa dakika tatu nakiacha hivihivi. Cha dakika saba nakitia kwenye mabano. MC akinong'ona, sihitaji kufikiri, naruka mabano. Akinong'ona tena, nasoma nyota tu. Nyota haziwi zaidi ya mbili, na mojawapo ni sentensi ya mwisho.

Ndiyo maana hoja nzito isikae mwisho kabisa bila nyota. Mtu anayepandisha taratibu kuelekea kilele, akikatizwa katikati, anashuka jukwaani akiwa ameacha salamu, historia na pongezi. Kilele kimebaki mfukoni.

Jipime mapema. Mimi nikisoma Kiswahili kwa sauti ya ukumbini napita maneno kama 100 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu. "Tulivyokubaliana" peke yake ni silabi 8, na lazima uzitamke zote maana spika za ukumbini zinameza nusu. Dakika tatu basi ni maneno kama 300, ukurasa mmoja wa daftari wenye mwandiko mdogo. Chukua simu, washa saa ya kuhesabu, simama, soma kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya.

Na usidhani dakika mbili ni dharau. Tarehe 19 Novemba 1863, kwenye makaburi ya vita ya Gettysburg, msemaji mkuu wa siku hiyo alikuwa Edward Everett, naye alizungumza kama saa mbili. Kisha akasimama Rais Abraham Lincoln, maneno kama 270, dakika mbili hivi, akakaa. Hadi leo watoto wa shule Marekani wanakariri ya Lincoln.

Naomba mfano. Hayo ya nyota na mabano sijayaona kwa macho.

Huyu alikuwa mjomba, wa Tabata, anasema kwenye sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa dada yake. Alikuja na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa ukoo: babu alitoka wapi, alifika Dar mwaka gani, alijenga wapi. Ukurasa wa tatu ulikuwa mawaidha ya ndoa ambayo kila mtu ukumbini angeyasema kabla yake. Lakini ukurasa wa pili, katikati, kulikuwa na mistari miwili kuhusu baiskeli, na kuna mahali alikuwa ameandika kisha akakata: "nitampa ufunguo". Nikamuuliza ufunguo gani. Akasema wa nyumba ya bibi yake, alikolelewa. Nikasema, mjomba, ukoo wote uweke pembeni.

Kauli yake ya kwanza ilikuwa "Umeolewa, hujauzwa." Tamu, lakini wakwe wangekuwa meza ya mbele, na mahari ilikuwa imeshalipwa yote bila usumbufu. Tukaigeuza. Kadi ikatoka hivi:

SALAMU: wazee, wakwe, itifaki. Sekunde 20.
KAULI: Unakwenda kwako, na hapa pia ni kwako. ★
(BAISKELI: darasa la pili, alianguka mtaroni, akainuka mwenyewe, akarudi nyumbani anaisukuma. Ni hodari.)
SUFURIA: bibi alipougua, alimpikia uji kila asubuhi kabla ya kwenda chuo. Ana moyo.
WAKWE: tumewakabidhi mtu wa namna hiyo. Sentensi moja tu!
UFUNGUO: utoe mfukoni, uonyeshe, mpe. "Ufunguo huu usiurudishe." ★

Kila hoja ni kitu kinachoshikika: baiskeli, sufuria, ufunguo. Sikumwambia akariri chochote. Mtu akiona SUFURIA kwenye kadi, uji wenyewe unakuja. Angeandika "huruma na upendo wa binti yetu", angebaki anasoma maneno makubwa huku akitafuta mstari ulipo.

Usiku ule alipewa dakika mbili. Akaruka baiskeli. Alipotoa ufunguo, dada yake alilia kabla ya binti, na vigelegele vilikuwa vingi hata sentensi ya mwisho ikabidi airudie.

Itifaki na majina ya wageni niyaweke wapi?

Kwenye karatasi nyingine kabisa. Majina yanabadilika hadi dakika ya mwisho: mkuu aliyealikwa kamtuma msaidizi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa kachelewa, mchungaji kaondoka. Ukiyachanganya na hoja utaanza kukatakata kadi yako huku unaitwa. Mfuate MC dakika kumi kabla, mwoneshe majina, arekebishe vyeo. Ukikuta waliokutangulia wamewataja wote, sema "itifaki imezingatiwa" na uendelee. Hakuna atakayekasirika, wengine watakushukuru kimoyomoyo.

Salamu za dini zote mbili fupi, kisha ingia kazini.

Kuna tofauti gani kati ya mpangilio wa hotuba na wa risala?

Risala inatoka chini kwenda juu. Kikundi, shule au wafanyakazi wanamsomea mgeni rasmi, halafu nakala anakabidhiwa. Hotuba ndiyo anayoijibu yeye. Kwa hiyo risala inasomwa neno kwa neno, na mpangilio wake umezoeleka: sisi ni nani, tumefanya nini, tunakwama wapi, tunaomba nini. Usiuvuruge kwa ubunifu. Mgeni na msaidizi wake wanajua wategemee nini.

Penye kazi ni kwenye maombi. Nimeona risala zenye maombi tisa, kuanzia madawati hadi barabara ya lami. Mgeni anajibu kwa ujumla, "nimeyapokea", na yanaishia hapo. Weka mawili au matatu, yapewe namba, na moja liwe dogo kiasi kwamba anaweza kulijibu pale pale akiwa ameshika maiki. Kisha hakikisha kila ombi lina mzizi kule kwenye changamoto. Ukiomba tangi la maji na shida ya maji hukuitaja, linaonekana kama limedondoka kutoka mbinguni.

Wasifu wa marehemu nao unahitaji mpangilio?

Unahitaji, na ni wa wakati: kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa na watoto, ugonjwa, umauti. Usitafute mwanzo wa kushangaza. Mpe mkubwa wa familia ausome kabla hujasimama, hasa orodha ya watoto. Nasisitiza orodha ya watoto.

Utangulizi niuandike lini?

Mwisho. Kauli kwanza, sentensi ya kumalizia ya pili, hoja za tatu, utangulizi wa mwisho. Huwezi kumtambulisha mgeni ambaye hujamjua, na hotuba yako hujaijua mpaka hoja zimekaa.

Utangulizi una kazi mbili tu: watu wageuze vichwa, na wajue unaelekea wapi. Tukio fupi linatosha. Methali nazo zinafaa, lakini "haba na haba hujaza kibaba" kwenye kikao cha kuweka na kukopa imeshasemwa mara ngapi? Ukitumia methali, tafuta ambayo wazee watatabasamu kwa sababu hawajaisikia siku nyingi.

Viungo kati ya hoja na hoja ni lazima viandikwe?

Ndiyo, kwa sentensi kamili. Msomaji akipotea hurudi ukurasa uliopita. Msikilizaji akipotea anafungua WhatsApp. "Nimesema kuhusu shida ya maji, sasa nije kwa wale walioisababisha, nikiwemo mimi." Sentensi kama hiyo hairukwi hata MC akikupungia mkono.

Nisome kwenye simu au karatasi?

Karatasi. Simu inazima mwanga, inapokea ujumbe, inaita. Nimekaa kwenye mahafali baba wa watu anasoma nasaha kwa wanafunzi, simu ikaita mkononi mwake, ikaonekana kwenye kamera na kwenye ile skrini kubwa ya ukumbi kwamba anayepiga kaandikwa "Fundi Bomba Usipokee".

Karatasi zenyewe nazo zina mambo yake. Mwaka mmoja, kwenye ukumbi ambao sitautaja, nilisimama na kurasa tano za kawaida, feni kubwa la kusimama likiwa ubavuni. Ukurasa wa tatu na wa nne ziliondoka pamoja, mmoja ukaenda chini ya meza ya keki. Sikuwa nimeandika namba za kurasa. Nilimalizia kwa kusoma wa tano, ambao ulianza na "Kwa hiyo, kama nilivyoeleza".

Tangu siku hiyo nanunua karatasi ngumu ya manila, nakata vipande vya ukubwa wa kiganja, na kimoja kinatosha kwa dakika tatu. Namba juu kulia. Herufi kubwa zinazoonekana kwa mwanga wa taa za rangi. Na kama ni Februari, usitumie kalamu ya wino wa maji. Jasho la kiganja litaifuta kauli kuu kabla hujaitwa.

Si bora nikariri yote?

Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho. Katikati zijue hoja, maneno yatakuja. Aliyekariri yote akisahau neno moja husimama kama gari lililoishiwa mafuta darajani.

Huwa wananijibu, "Mbona Martin Luther King aliacha karatasi?" Ni kweli. Tarehe 28 Agosti 1963 pale Washington alikuwa na hotuba iliyoandikwa, na kuelekea mwisho mwimbaji Mahalia Jackson alimpazia sauti awaambie kuhusu ndoto. Akaiacha karatasi. Lakini maneno ya ndoto alikuwa ameshayahubiri kwingine, Detroit likiwemo, Juni mwaka huohuo. Aliacha karatasi akaenda mahali alipopajua. Wewe ukiacha karatasi, unakwenda wapi?

Naweza kuiambia akili mnemba inipangie?

Unaweza. Itakupa utangulizi, hoja tatu na hitimisho, vyote vimenyooka, na vitafanana na vya jirani yako aliyeuliza jambo lilelile. Baiskeli haiijui. Kama umeshapata kauli na matukio yako, itumie kukuonyesha ulipojirudia.

Ofisini nitazungumza kwa Kiingereza mbele ya wafadhili. Mpangilio niuandike kwa lugha gani?

Kwa lugha unayogombea nayo. Ukishapanga kwa Kiswahili na mambo yakakaa, andika kauli, viungo na sentensi ya mwisho kwa Kiingereza kamili, kwa sababu hapo ndipo ulimi hukwama. Hoja zenyewe ziache kwa neno moja moja, lolote linalokujia haraka.

Namalizaje? Nikifika mwisho huwa nazungukazunguka.

Unazunguka kwa sababu sentensi ya mwisho hukuiandika. Ndege inatafuta uwanja. Iandike, iwekee nyota, na ukishaisema, kaa. "Kwa hayo machache" ina utani wake baada ya dakika arobaini, na hakuna kosa kuitumia, lakini ije kabla ya sentensi yako ya mwisho. Ikija baada yake, inaifuta. Wala usilete jambo jipya pale. Ukisema "na pia nilisahau", watu waliokwisha kuweka mikono tayari kupiga makofi wanairudisha mapajani.

Nipo kwenye basi la mwendokasi, tumeshapita Magomeni, na kadi nimeiacha mezani nyumbani. Nirudi?

Usirudi. Kadi ya mwaliko unayo, maana mlangoni wanaidai. Igeuze nyuma, azima kalamu, andika kauli, neno moja la tukio moja, na sentensi yote ya mwisho. Vingine viache nyumbani. Ukifika, kabla hujasalimiana na watu, mtafute MC umuulize wewe ni wa ngapi.